Lango la Mashariki

Wenzake walimwita Bwana Mitaro, na jina likamkaa. Kazi yake mgodini haikuwa kuchimba makaa ya mawe bali kuyafukuza maji. Mgodi ulikuwa juu kwenye uwanda mpana, uliokatika ghafla kwa magenge kila upande, na mvua ikinyesha pale haina adabu: inatambaa tu, inatafuta shimo la kuingia. Yeye na jembe lake wakauzungushia mgodi mitaro, wakayateremsha maji yote upande wa magharibi.

Korongo la mashariki likakauka kau. Miaka ikapita, nyasi zikaota mlemle ulimokuwa ukipita mto, kwenye udongo mweusi wa kutamanisha. Dada yake akamuuliza, "Kaka, nijenge?" Akamjibu kwa mikogo, "Jenga, bibie! Maji ya hapa nayaamrisha mimi." Loo, ulimi huo! Dada akajenga, akamchukua na mama yao, ambaye hakuwa akiinuka tena kitandani.

Mchana ule mvua ilimwagika kama iliyokuwa imefungiwa. Lundo la mawe na vumbi la makaa lililotupwa kando ya mtaro wa magharibi likaporomoka, likauziba wote. Maji yakageuka, yakauelekea mlango wa mgodi. Chini mlikuwa na watu, na mmoja wao alikuwa shemeji yake, mume wa dada. Iliyobaki ilikuwa njia moja tu: lango la chuma la mashariki, lililoyazuia maji yasiteremke korongoni, lenye usukani uliojaa kutu.

Akapiga simu. "Dada, mgodi unaingia maji! Lazima nifungue upande wenu. Tokeni!"

"Mume wangu yuko chini?"

"Yuko."

"Basi fungua, kaka. Sisi tulishatoka zamani, tulipoona mvua imezidi. Tuko huku mlimani."

"Na mama?"

"Nimembeba. Fungua bwana, unangoja nini?"

Akafungua. Aliuzungusha ule usukani huku analia, maana masikio yake hayakuwa na kasoro. Nyuma ya sauti ya dada alisikia mvua ikipiga bati, na mama akikohoa karibu kabisa. Huko mlimani hakuna bati, hakuna hata banda la kuku. Alisikia, akajifanya hakusikia. Angempigia tena, asingeweza kufungua.

Maji yakaporomoka gengeni kwa kishindo, yakaishika njia yao ya zamani.

Wachimbaji walitoka mmoja mmoja, weusi tititi, wakikohoa na kucheka kama walevi. Shemeji akamrukia shingoni. "Shem, leo umetufufua! Nikupe nini mimi?" Simu yake mwenyewe ilikuwa imelowa, imezima. Akanyoosha mkono. "Hebu niazime yako nimwambie dada yako nimetoka salama. Namjua yule, saa hizi yuko roho juu."

Bwana Mitaro akampa simu, akakaa chini kwenye matope.