Yai la Nyuma ya Mtungi

Basi liliposimama Igawa, hakuna aliyemshinda Bibi Atuganile kulikimbilia dirisha. Mkono mmoja beseni la mayai ya kuchemsha, mkono mwingine chumvi na pilipili, na mdomo usiojua kupumzika. Abiria wa Mbeya walikula mayai yake, wa Iringa walikula. Mjukuu wake Blandina, mtoto wa miaka sita, hakuwahi kuonja hata ute. "Mtoto akizoea mayai, kesho ni mwizi," bibi alisema. Ndivyo bibi mwenyewe alivyolelewa, naye hakuona sababu ya kubisha.

Kazi ya Blandina ilikuwa kufungia kuku jioni. Tangu mvua zianze, aliivuruga. Jua likizama tu, alijikwaa kwenye jiwe analolijua, akakanyaga vifaranga, akapapasa ukuta kutafuta mlango.

"Hayo ni macho au mapambo?" bibi alifoka.

Jioni moja mtoto aliparamia sufuria ya maji ya moto, akaponea chupuchupu. Bibi akaacha kufoka. Aliogopa hasa: mjukuu wake anapofuka.

Asubuhi walikuwa zahanati. Isakwisa, muuguzi, alimpima Blandina, akauliza anakula nini.

"Ugali na maharage," bibi alijibu.

"Amepungukiwa vitamini A, mama, ndiyo maana giza likiingia haoni. Shukuru umewahi. Nampa dozi sasa hivi, ila dozi peke yake haitoshi. Mpe mchicha, viazi lishe, na mayai, hasa kile kiini. Kuku unafuga?"

Bibi alitazama sakafu. "Kumi na wawili."

Isakwisa akamdondoshea mtoto dozi mdomoni.

Aibu ilioje! Ameshibisha mabasi mazima, na damu yake inapapasa ukuta. Jioni ile alichemsha yai, akalimenya mwenyewe, akalitoa kwa shingo upande.

"Kula. Lakini siku ukiiba, utanitambua."

Blandina alilimega kidogo kidogo, kiini akakiweka cha mwisho. Tangu hapo ikawa yai kila siku, na mchicha pembeni.

Wiki ya tatu, giza likianza kuingia, bibi alikuwa ameinama bandani akiokota mayai.

"Bibi, umeacha moja."

"Wapi?"

"Kule, nyuma ya mtungi."

Bibi alikodoa macho, akaona weusi mtupu. Blandina akapita katikati ya vifaranga asimkanyage hata mmoja, akaliruka lile jiwe, akarudi, akampa bibi yai lenye joto bado. Angelificha, nani angejua?

Machozi yalimtoka bibi, wala hakuyafuta.

"Mwizi gani huyu," alisema, "anayenionyesha mali yangu mwenyewe?"

Alimrudishia lile yai, liwe lake la kesho. Blandina alikataa, akamfumbatisha bibi vidole juu yake.

"Hili ule wewe, Bibi. Mbona mimi nimeliona, wewe hukuliona?"