Kuvimba Miguu

Mkunga alibonyeza mguu wa yule mjamzito, kidole kikaacha shimo.

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Wiki ya pili, dada. Kwenye grupu la simu wameniambia kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume, ninywe maji ya chumvi."

Mkunga alikunja uso kama aliyelamba shubiri. "Chumvi! Mbumbumbu wakubwa! Kwa nini hukutuuliza sisi?"

"Nilikuuliza wewe, kliniki iliyopita. Ukanijibu, 'Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?'"

Mkunga aliinama haraka kutafuta kipimo cha presha. Chini ya meza lilikuwepo boksi la vipeperushi vya dalili za hatari, halijafunguliwa tangu liletwe, limebonyea pale anapopumzishia miguu yake.