Tanbihi ya Bibi Ruthu

Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Hilda alikuwa anashona mdomo wa gunia la mashudu katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kule Kizota, marehemu Bibi Ruthu Chizenga alipofika getini. Mlinzi, Optatus, alimfungulia daftari la wageni. Bibi hakujua kuandika, kwa hiyo Optatus alimjazia mwenyewe: jina, Ruthu Chizenga; anatoka, makaburini; anamwona, Hilda; kazi, mtunzi wa nyimbo. Akamwambia apite kando ya ukuta, maana sakafu ya katikati ilikuwa na mafuta na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu.

"Shikamoo bibi," Hilda alisema.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unaniandika."

Ilikuwa kweli. Hilda alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kila Jumanne na Alhamisi alisoma kompyuta katika darasa la jioni, kwenye ukumbi wa kanisa Miyuji. Mwalimu Denis, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wake, alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi aandike maisha ya mtu mmoja katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo dunia nzima inaisoma na yeyote anaweza kuisahihisha. Wenzake waliandika wachezaji mpira. Hilda alifunga siku moja, akaomba, kisha akamwandika Bibi Ruthu, aliyemfundisha kuimba kabla hajajua herufi.

Aliandika anayoyajua. Kwamba bibi alizaliwa mwaka wa njaa, chini ya kilima chenye mawe meupe. Kwamba ng'ombe alimvunja mguu. Kwamba alitunga nyimbo kumi na moja za kanisa akisaga uwele, na Mwalimu Meshack, kiongozi wa kwaya, alikaa pembeni akiziandika. Mwishoni aliweka beti tatu za "Umenikuta Kisimani", wimbo unaoimbwa katika kila msiba.

Bibi aliketi juu ya gunia. "Nisomee."

Hilda alimsomea kwenye simu. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Ng'ombe alikuwa mweusi," alisema.

Hilda akaongeza neno "mweusi".

Kesho yake kila sentensi ilikuwa na alama mwishoni: chanzo kinahitajika. Aliyeziweka ni mhariri mmoja wa kujitolea, Abubakari wa Kondoa, ambaye kazi yake ilikuwa kupitia makala mpya. Kufika mchana alikuwa ameondoa sentensi ya kuzaliwa. Jioni, kabla Hilda hajaenda darasani, bibi alikuja, akasimama mlangoni.

"Hilda, hivi mimi nilizaliwa wapi?"

Ijumaa iliondolewa sentensi ya ng'ombe. Bibi alivuka katikati ya sakafu akitembea sawasawa kama msichana.

"Si afadhali?" Optatus alisema. "Alikuwa anachelewa."

Hilda hakuona uafadhali wowote. Alimwona bibi akimegwa kama mkate, na aliyemweka mezani ni yeye.

Jumanne alimfuata Mwalimu Denis kabla hajakaa.

"Mwalimu, wamemfuta mguu."

"Mguu hauna chanzo, mama. Nilisema. Kila sentensi iwe na kitabu au gazeti nyuma yake."

"Mimi nilimwona akichechemea."

"Wewe si gazeti." Darasa likacheka. "Na usituletee yale ya ushuhuda wa Jumapili."

Lakini Hilda alijua njia moja tu ya kufanya jambo lisadikike. Aliwakusanya wazee watatu walioimba na bibi, wakatoa maelezo, wawili wakatia sahihi na mmoja dole gumba. Akaipeleka barua kwa mtendaji wa mtaa, akasubiri kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita, akagongewa muhuri. Muhuri ulikaa vizuri, wa bluu, tarehe ikisomeka. Aliipiga picha barua, akaiweka kwenye makala kama chanzo.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. "Shikamoo mama. Barua yenye muhuri inakubalika benki, huku haikubaliki, kwa sababu haijachapishwa. Pia beti nimeziondoa. Haki miliki ya wimbo ni ya familia ya Mwalimu Meshack. Uniwie radhi. Abubakari."

Jioni ile bibi alipofungua kinywa aimbe, maneno ya kawaida yalitoka na ya wimbo hayakutoka. Midomo ilikwenda, kiganja kilipiga mdundo juu ya gunia hadi vumbi la mashudu likapanda, na kiwandani ikasikika mashine tu.

Kitabu kilichochapishwa kilikuwa kimoja, cha jubilei ya kwaya, na mwandishi wake alikuwa Mwalimu Meshack. Hilda alikuwa nacho kabatini, kimefungwa kwenye kitenge. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema: "Nyimbo zote kumi na moja nimezitunga mimi." Haikuwa mara ya kwanza kukiona, ila zamani alikisoma kwa kidole, neno moja moja, na alidhani hajaelewa.

Kwa hofu alinakili kutoka humo ukurasa mzima wa historia ya kwaya, akaubandika kwenye makala ili angalau inenepe. Ulikaa saa moja. Katika saa hiyo bibi aliingia akikohoa kama Mwalimu Meshack, akaanza, "Ndugu wapendwa katika Bwana." Kisha Abubakari akaufuta, kwa kuwa ni maneno ya mtu mwingine, na bibi akanyamaza katikati ya salamu.

Makala ikabaki jina tu. Juu yake pakawekwa tangazo: itafutwa baada ya siku saba.

Hilda alipiga magoti asubuhi na jioni. "Bwana, Wewe unajua bila kitabu. Wao hawajui." Aliomba hivyo siku tano. Siku ya sita Optatus aliweza kusoma kibao cha "Usivute sigara" kupitia kifua cha bibi, na jina lake katika daftari aliliandika kwa penseli.

Alhamisi, siku ya saba, Hilda alikwenda Miyuji na kitabu cha jubilei mkobani. Mwalimu Denis alikipitia ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ukurasa wa arobaini kidole chake kilisimama.

"Hii hapa. 'Tunamshukuru pia Ruthu Chizenga, aliyeipikia kwaya.' Ina kitabu, ina ukurasa. Ukiiandika kwa maneno yako, makala itabaki."

"Hakuwa mpishi, Mwalimu. Alipika kwa sababu wanaume walikuwa wanajifunza nyimbo zake."

"Hilo halimo humu."

"Nisipoiandika?"

"Saa mbili usiku makala inafutwa."

"Na yeye?"

Mwalimu Denis aliangalia skrini. "Na yeye, mama."

Hilda aliinamisha kichwa. Wanafunzi walidhani anatafuta herufi. Kisha akaandika, kwa vidole viwili: Ruthu Chizenga alikuwa mpishi wa kwaya. Mwishoni aliweka tanbihi namba moja, jina la kitabu, ukurasa wa arobaini. Abubakari aliondoa tangazo, akaandika: "Ahsante mama. Sasa iko salama."

Ijumaa bibi alifika saa kumi na mbili kasorobo, mzima, mnene kidogo, mwiko mkononi. Optatus aliandika jina lake kwa kalamu ya wino. Kwenye kazi aliandika: mpishi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwaya leo wako wangapi?"

"Ishirini na wanne."

"Mwalimu Meshack yumo? Yeye nimpakulie kwanza."

Redio ya mlinzi ilikuwa imewashwa, na msiba wa mahali fulani ulikuwa unaimba "Umenikuta Kisimani". Bibi alisimama na mwiko wake, akasikiliza beti zote tatu.

"Wimbo mzuri huu," alisema. "Katunga nani?"

"Ni wewe, bibi," Hilda alisema. "Umeutunga wewe, ukisaga uwele. Nilikuwepo."

Bibi Ruthu alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa.

"Imeandikwa wapi, mwanangu?"

Hilda alifuta mikono kwenye kitenge. Akaenda nyuma ya mashine, akaleta sufuria kubwa, akampa.