Makoti ya Mbwa wa Ng'ambo

Noreen Haddow alikuwa akimenya viazi vya chakula cha jioni mbwa wa kwanza alipoingia. Aliupita mlango wa wavu bila kuufungua, akaenda kulala mbele ya jiko la kuni. Noreen akasogeza miguu. Nyuma yake wakaja wengine wawili, mmoja mweusi mwenye sikio lililochanika, wakajizungusha kama mbwa wafanyavyo, wakajilaza. Walikuwa mbwa wa mbio, wembamba kwa asili yao, ila hawa walikuwa wembamba kupita hiyo asili. Tena walikuwa wamekufa.

Walianza kuja baridi ilipoingia. Kila jioni taa za daraja zikiwaka, walivuka mto Murray kutoka Port Dacre, mji wa ng'ambo, wakifuata ukingo wa barabara kwa adabu, wakaingia Wirrabel kutafuta nyumba yenye moto. Nyumba ya Noreen ndiyo ya kwanza ukishuka darajani. Hapo mjini hakuna aliyelikuza jambo hilo. Halmashauri ilisimamisha kibao cha kuwaambia madereva waende polepole, mbwa wanavuka. Mwenye bucha akamtania, "Norie, hao wako hawali hata mfupa. Utanifilisi wewe."

Clive Tranter, afisa wa mbwa wa halmashauri, alikuja na kifaa chake cha kusomea, akakipitisha shingoni mwa kila mmoja, pale wanapopachikiwa kichipu chini ya ngozi. Kifaa kililia vizuri tu, kisha kikaandika kwamba hakuna taarifa.

"Wa ng'ambo hawa," Clive akasema. "Wameandikwa kwenye rejesta ya kule. Sisi tunasoma ya kwetu."

Akamaliza chai yake, akamruka yule mweusi taratibu asimkanyage, akaenda zake.

Mto ule ndio mpaka wa majimbo mawili. Kila jimbo lina rejesta yake ya mbwa, na lina majina yake ya watu ambao mahakama imewakataza kufuga kiumbe chochote, na kila jimbo limeyalalia ya kwake kama kuku aliyeatamia. Anayekatazwa upande mmoja akivuka daraja huwa msafi kabla gurudumu la nyuma halijagusa nchi kavu.

Kila Jumamosi Noreen alijitolea katika boma la halmashauri, mahali mbwa waliostaafu mbio hungoja wa kuwachukua. Mbwa wa mbio hana mafuta wala manyoya ya maana, baridi humwingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo akina mama wa Wirrabel wana desturi yao: mbwa hatoki bomani bila koti la kufumwa. Noreen humpima kila mmoja kwa utepe, kifua na mgongo, akafuma kwa kipimo chake mwenyewe, likamkaa mbwa kama ganda la yai.

Desmond Kirrane alikuja Jumamosi moja akila soseji kwenye mkate. Alikuwa na sauti laini, akafuta mikono kabla ya kusalimia. Alikuwa amehamia karibuni ng'ambo, kwenye shamba nyuma ya reli, akasema nyumba bila mbwa ina upweke. Akamchagua Posy, jike la kijivu ambalo ujana wake umepita, lenye tabia ya kumwegemea mtu miguuni kama mzee anayeegemea ukuta. Wakati huo mbwa wale waliokufa, ambao siku za Jumamosi walimsindikiza Noreen kazini, waliinuka wote pamoja, wakageukia ukuta.

Noreen aliwaona. Clive akaandika jina la Kirrane kwenye kompyuta, nayo kompyuta haikuwa na neno juu yake. Macho yalisema hili, kompyuta ikasema lile, na Noreen, aliyelelewa kuheshimu kilichoandikwa, akaifuata kompyuta. Akamvalisha Posy koti jekundu, akamfunga vifungo. Posy akamwegemea kidogo, kisha kamba ikamvuta.

Jioni ile mbwa hawakulala mbele ya moto. Walisimama dirishani wakitazama daraja.

Jumatatu Noreen akavuka kwenda kwa Leith Bascombe, mkaguzi wa wanyama wa jimbo la ng'ambo, ambaye zamani alikuwa akivua samaki na marehemu mume wa Noreen. Alimkuta akila pai mezani kwake. Akamuuliza kuhusu Kirrane. Leith akaweka pai chini.

"Shemeji, siwezi kukuambia kama mtu fulani amekatazwa. Ni siri yake, na sheria inailinda. Hata angekuwa amekatazwa maisha yake yote nisingeweza kukuambia."

"Basi nenda ukamtazame mbwa wangu."

Leith akabonyeza kompyuta yake, akaigeuza Noreen aione. Ili afungue geti la mtu ilimpasa kuwa na mnyama aliyeandikwa pale. Posy aliandikwa Wirrabel. Kwa Leith mtu alikuwepo, mbwa hakuwepo. Kwa Clive mbwa alikuwepo, na mtu hakuwa na doa.

"Waambie wenzako waandike barua," Leith akasema. "Na wetu wataandika ya kwao."

Noreen akajifunga skafu. Alipofika mlangoni Leith akauliza, akitazama pai, "Kati ya hao wanaolala kwako, yupo mweusi mwenye sikio lililochanika?"

"Yupo. Analala karibu kabisa na jiko."

"Huyo nilimtoa bandani kwa mikono yangu," Leith akasema. "Nilichelewa. Nisalimie huyo."

Barua ziliandikwa. Wakubwa wa pande mbili wakakubaliana wakutane, lakini kila upande ukakataa kuonekana umemfuata mwenzake, basi wakapanga meza katikati ya daraja, miguu yake miwili huku na miwili kule. Wakazungumza juu ya kuunganisha rejesta. Upande mmoja ukauliza nani atakuwa mwenye mali, mwingine ukauliza ikivuja nani atajibu. Saa ya taa ikafika, mbwa wakapita chini ya meza, na wakubwa wakainua miguu yao kuwapisha. Wakakubaliana wakutane tena majani yakichipua.

Posy alikuja kabla ya hapo. Noreen alikuwa akikaanga mbavu za kondoo alipohisi uzito mguuni, uzito mdogo, kama mtu ameegemeza mwavuli. Hakutazama chini upesi. Alizima moto wa kikaango kwanza.

Koti lilikuwa mwilini. Vifungo vilikuwa vile vile alivyovifunga yeye, havikuguswa. Lakini koti alilolifuma likamkaa Posy kama ganda la yai, sasa lilimpwaya, mkono mzima ungepita kati ya sufu na mbavu. Noreen akaketi sakafuni akalipunguza kwa sindano, akalikaza mpaka likamkaa tena. Viazi vikapoa mezani. Wale wengine wakampisha Posy karibu na jiko.

Jumamosi Kirrane akarudi. Akafuta mikono, akasema yule wa kwanza alikuwa mgonjwa, masikini, hakudumu. Sasa alimtaka dume mchanga mwenye michirizi. Mbwa wakageukia ukuta, na Posy akageuka nao.

"Huyu hapewi," Noreen akasema.

Clive akamvuta pembeni. Alikuwa mtu mwema, alimshika kiwiko. "Norie, na mimi nina macho. Lakini nikimnyima mtu msafi, kesho wakili wake yuko kwa meya, na bomani hatuna nafasi. Nipe funguo."

Akampa. Kirrane akasaini. Dume akatoka mkia ukipiga miguu ya watu, maana alikuwa hajawahi kupanda gari la mtu binafsi. Hakuwa na koti. Noreen alikuwa ameliacha kwenye kikapu makusudi, akidhani mbwa asiye na koti hataruhusiwa kutoka.

Nje baridi ilikuwa imeganda juu ya nyasi. Dume akaanza kutetemeka kabla ya kufika garini. Noreen akalichukua koti, akawafuata, akapiga goti kwenye changarawe akamvalisha, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

"Mama ana moyo mzuri," Kirrane akasema.

Noreen akarudi nyumbani. Akakisukuma kiti cha marehemu mumewe mpaka ukutani, akapima kwa utepe nafasi iliyobaki kati ya Posy na jiko. Kwa yule dume ilipungua kidogo. Mbwa wakasogea bila kuambiwa.