Pua ya Kuazima

Katika ghala lile la mapipa hapakuwa na pua iliyoizidi yangu. Nasema hivi bila majivuno, maana majivuno yangu niliyatumia kwenye mambo mengine. Ungenifunga kitambaa machoni ukaniwekea glasi tatu za wiski, ningekwambia ipi imetoka kwenye pipa la ukutani, ipi kwenye pipa la karibu na dirisha, na ipi umeitia maji ukidhani sitajua. Wafanyakazi walinibandika jina Pua, na likanikaa hadi Mama mwenyewe akaanza kulitumia.

Basi nione siku ile. Saa nne asubuhi, meza ya kuonjea imepigwa na jua la dirisha la juu. Mbele yangu glasi nne, kila moja ina namba ya chaki kwenye kitako. Na hiyo pua inayosifiwa imezama ndani ya glasi ya kwanza. Navuta pumzi. Hakuna kitu. Navuta tena, taratibu, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Hakuna kitu.

Ng'ambo ya meza, Mjomba alikuwa ananitazama.

Yalikuwa mafua tu. Yalinikamata siku tisa kabla, yakanilaza siku tatu, kisha yakaondoka kama mgeni asiye na adabu, anayeaga vizuri huku amebeba shuka zako. Sikujua nimeibiwa mpaka Mama aliponiambia nikae jikoni niangalie maharage. Nikakaa kando ya jiko na gazeti la michezo. Aliingia akipunga moshi kwa mikono miwili, akaiteremsha sufuria. Ndani mmebaki kokoto nyeusi.

"Wewe, hunusi?"

"Nilikuwa nafikiri, Mama."

"Basi endelea kufikiri, na hicho ndicho utakachokula."

Jioni ile nilinusa sabuni, nikanusa kitunguu kilichokatwa, nikanusa viatu vyangu mwenyewe. Viatu ndivyo vilivyonitia hofu. Havikuwa viatu vya kukosa la kusema.

Ningeweza kumwambia Mjomba kesho yake. Nilijipa moyo kwamba itarudi kesho, na kesho ikawa na kesho yake, mpaka tukafika kwenye meza ile. Ili uelewe kwa nini jasho lilikuwa linanitambaa mgongoni asubuhi yenye baridi, lazima nikueleze tulichokuwa tunafanya.

Mjomba ana mtambo mmoja wa shaba, na nafaka moja tu anayoiheshimu: rai, ndugu wa ngano mwenye kichwa kigumu. Ukiichemsha inanata kama gundi, inatoa povu, inagoma. Lakini ukiivumilia mpaka mvuke wake upande ndani ya shaba na kurudi kuwa kimiminika, kisha ukakilaza kwenye pipa la mwaloni lililochomwa kwa ndani, unangoja. Miaka minne unangoja. Toleo letu moja halizidi mapipa manne. Siku ikifika tunaonja kila pipa, na yaliyofaulu tunayafungulia koki, yote yanamiminika kwenye tangi moja. Hapo ndipo penye hatari. Pipa moja likiwa na ubao ulioota ukungu, linaharibu yote, na hakuna mtu duniani anayeweza kulichambua humo likatoka. Miaka minne ya mzee inakuwa ya kumwaga.

Mimi nilikuwepo siku mapipa yale manne yalipojazwa. Nilikuwa nimemaliza shule mwezi ule, sijui mbele wala nyuma, na Mjomba akanipa tone mkononi akaniambia nilisugue kwa viganja na ninuse. Nakumbuka ilivyokuja. Kwanza pilipili manga, kali, imetangulia kama mtoto mtukutu anayekimbia mbele ya wazazi. Nyuma yake mkate mweusi uliotoka kwenye oveni. Halafu ganda la chungwa, halafu karafuu, na mwisho kabisa, wakati mkono umeshakauka, kitu kama ubao wa mlango wa zamani uliopigwa na jua. Nilisimama pale nimeziba uso kwa viganja, Mjomba akacheka, akasema, "Huyu amepata kazi."

Sasa, kwenye glasi hii ya kwanza, kulikuwa na joto lenye rangi ya kahawia, basi. Ulimi peke yake ni karani: anaandika tamu, anaandika chungu, anafunga daftari. Hadithi yote iko puani.

Desturi ya Mjomba ni hii: matone matatu ya maji kwenye kila glasi, unanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, unaonja, unatema kwenye ndoo, unaandika kwenye karatasi, unaikunja. Hakuna kuongea. Nikapanga kuazima uso wake. Namjua Mjomba, kikimpendeza kitu, nyusi zinapanda, kikimkera, midomo inakuwa uzi. Kazi yangu ingekuwa kusoma.

Glasi ya kwanza, nikainua macho. Ananitazama. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeguswa. Nyusi zake zikapanda. Nikaandika: sawa.

Glasi ya pili vilevile.

Ya tatu ilinichoma kuliko zote, ikashuka kooni ikawaka kifuani, nami nikafurahi kuhisi kitu, chochote. Nikafumba macho, nikaguna. Nilipoyafumbua, nyusi za Mjomba zilikuwa karibu na upara. Nikaandika: bora kuliko zote. Ya nne: sawa.

Tukakunjua karatasi. Zilifanana neno kwa neno, isipokuwa mwandiko. Nimepona, nikajisemea. Mzee amenusa, mimi nimesoma, toleo liko salama.

Mjomba hakusimama. Alikuwa anakunja karatasi yake mara ya pili, ya tatu, mpaka ikawa kama punje.

"Mpwa wangu," akasema, "nikwambie kitu, na kisitoke humu ndani."

"Sema, Mjomba."

"Pua yangu ilistaafu mwaka juzi. Hainusi. Nilidhani uzee utaniachia angalau hiyo." Akacheka kidogo, bila sauti. "Nakaa hapa nakutazama wewe. Ukifurahi nafurahi, ukinuna nanuna. Naazima yako."

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichonipata pale. Ni kama watu wawili wamebeba kabati zito kwenye ngazi, kila mmoja anajua mwenzake amelishika, kumbe wote wameliegemea tu. Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa mafupi, manne au matano. Yalipanda mpaka kwenye meno. Lakini mzee alikuwa ameshaniwekea mkono begani, mkono mzito wenye harufu ambayo sikuweza kuipata, akasema, "Bila wewe ningefunga mlango," na mimi, mwenye mdomo wa kutania hata mazikoni, nikasema, "Usijali, Mjomba. Tuko wote."

Alifungua koki ya pipa la kwanza. Wiski ikatiririka kwenye tangi, nyekundu kwenye jua. Ya pili. Mimi nimesimama kando ya tangi, naomba kimoyomoyo kwamba mapipa yote yawe mazima, kwamba bahati itufanyie kazi ambayo pua mbili zimeshindwa. Akasogea kwenye pipa la tatu, lile nililolisifu. Akashika koki.

Mlango ukafunguliwa, binamu yangu akaingia na sinia la glasi. Huyu ni binti wa Mjomba, kazi yake ni kuosha na kubandika lebo, na hakuna aliyewahi kumkalisha kwenye meza ya kuonjea. Alifika katikati ya ghala akasimama.

"Baba, nini kinanuka gunia bichi?"

Mkono wa Mjomba ukatulia. "Wapi?"

"Huku kwenye meza." Akazipitia glasi zetu kwa uso, moja moja, kama anayesikiliza. "Ni hii. Namba tatu. Imevunda."

Mjomba akanigeukia mimi. Hakuuliza kwa mdomo. Na hapo, Mungu anisamehe, hofu ilinishika nikafanya kile ninachokiweza.

"Binamu," nikasema, "umeshinda na matambara yenye unyevu tangu alfajiri, sasa kila kitu kwako ni gunia. Hii ni rai, si maji ya vyombo. Inataka pua iliyokomaa."

"Bwana Pua, mimi nasema ninachonusa."

"Njoo ufundishwe bure." Nikachukua glasi kwenye sinia lake, ya mwanzo niliyoikuta, yenye majimaji kidogo chini, maana tunazo glasi za majaribio kila mahali. Nikaizungusha. Nikaizamisha pua yote. Kitu kikanichoma kidogo juu ya pua, nikashukuru, nikadhani ndiyo rai yenyewe inaniitikia. "Unaona," nikasema, macho nimefumba, "inaanza na pilipili manga. Ngoja. Sasa mkate. Sasa ganda la chungwa linakuja kwa mbali, na chini yake karafuu. Hivi ndivyo watu wanavyonusa."

Nikafumbua macho. Binamu yangu hakuwa anacheka, na yeye hunicheka hata nikijikwaa.

"Hiyo ni siki," akasema. Alisema taratibu, karibu kwa huruma. "Nilikuwa naitolea madoa. Sijaisuuza bado."

Mjomba aliondoa mkono kwenye koki bila kuifungua. Akaja, akaichukua glasi mkononi mwangu, akainusa muda mrefu sana, mtu angedhani anasoma barua. Kisha akampa binti yake.

"Inanuka siki?" akamwuliza.

"Inanuka, Baba."

"Sana?"

"Sana."

Mzee alitikisa kichwa, akavuta kiti changu kutoka mezani, akamsogezea binti yake. Mimi nilibaki nimesimama, mkono bado umekunjwa kama ulioshika glasi.