Barafu ya Tabaka Saba

Wembe ulipita juu ya vichwa vitatu, ukapanguswa kwa kitambaa, ukakunjwa. Kichwa cha nne kilikuwa cha Ivy wangu, wa miaka minne, ameinama kwa adabu akingoja zamu yake.

Miezi miwili kabla ya hapo, mwaka wa 2007, nilikuwa Matisi, mjini Kitale, nikigandisha maji kwenye friza ya Nimo, mwenzangu wa biashara. Tuliwauzia barafu wachuuzi wa maziwa wa Endebess. Jioni nilisoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Siku moja Mwalimu Kiptanui alitusomea gazeti: barafu ya bahari huko ncha ya kaskazini inayeyuka, na kuna wahandisi wanaofikiria kuinenepesha.

"Barafu ni blanketi," alisema. "Ikishakuwa nene, baridi haifikii maji ya chini. Sasa unafanya nini? Unayavuta kwa pampu, unayamwaga juu, upepo unayagandisha. Tena na tena."

"Ati mtu anamwagilia barafu kama sukuma wiki!" mmoja akasema, darasa likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Stima ilikuwa ikipotea kila siku, na debe langu liliganda kingo tu, katikati maji. Kesho yake nikamwaga maji ya vidole viwili, yakaganda, nikaongeza mengine. Tabaka saba. Bonge likatoka gumu kama jiwe.

"Mama Ivy, umekuwa injinia bana!" Nimo akasema.

Kisha malaria ikamuua Hesbon, baba ya Ivy, akiwa kwao Kabuchai. Mashine ya mochari ya karibu ilikuwa imeharibika, na Viola, mke wake wa kwanza, alikuwa bado Mombasa na watoto wao watatu. Mzee Wabwile, baba yake Hesbon, akanipigia simu mwenyewe. Yeye ambaye hakuwahi kunitolea mahari wala kunisalimia.

"Mama Ivy, mtoto wetu. Leta hiyo barafu yako nzito. Lazima Viola amwone."

"Na Ivy, Baba? Atanyolewa na wenzake?"

"Si ni damu yetu? Atanyolewa."

Huko, mtoto anayenyolewa baada ya mazishi ndiye wa boma. Asiyenyolewa ni mgeni aliyekula chakula cha matanga.

Siku tatu nilipeleka mabonge hadi bomani Kabuchai, ndani ya magunia ya vumbi la mbao. Nikampangia Hesbon barafu kwapani, shingoni, miguuni, nikimwongelesha kidogo kidogo. Vidole vyangu vikafa ganzi. Viola alipofika, alimkuta kama amelala. Akanishika mkono, akanishukuru, akidhani mimi ni mfanyakazi wa mochari.

Hakuna aliyemsahihisha.

"Baba, bado Ivy," nilisema siku ile ya kunyoa, wembe ulipokunjwa.

Mzee Wabwile akatia wembe mfukoni. "Msichana, kazi yako tumeshukuru. Chukua magunia yako."

Ivy akainua kichwa. "Mama, na mimi?"

Nyuma ya jikoni lilibaki bonge moja, tabaka zake bado zinahesabika ubavuni. Nikanunua wembe kwenye duka la jirani, nikamkalisha mwanangu juu ya gunia, nikamlowesha nywele kwa maji ya barafu ile.

"Ni baridi?" nikamuuliza.

"Kidogo."

Nikamnyoa polepole, hadi nyuma ya masikio. Kisha nikamshika mkono. Kulikuwa na njia ya kutokea nyuma, kupitia miwa. Tukapita mbele, katikati ya boma, na Ivy akawasalimia wote.