Hadithi Iliyokatwa Katikati

Mwaka ule wa vita, Wajerumani walipokuwa wakikusanya wanaume wetu kama kuni ili wabebe mizigo ya jeshi, Mwalimu Bartolomayo aliona inafaa kutufundisha kuogopa. Sijui nani alimwambia tumepungukiwa na woga.

Alikuwa mtu wa Bonde, mgeni kwetu, amesomeshwa na wamisionari. Sisi vijana wa darasa la juu pale Miyuji tulimpenda, kwani alisoma vitabu vya Kijerumani na kutusimulia kwa Kiswahili. Siku hiyo alileta kitabu cha mizuka. Alisema Ulaya wana hadithi tele za namna hii: kasri bovu, upepo, mlango uliofungwa na maiti asiyetulia. Mtu mwenye akili zake huketi akazisoma kwa kupenda, apate kutetemeka.

Akaanza. Bwana wa kasri alikwenda safari na mdogo wake. Mdogo mtu akarudi peke yake na habari za kifo, watu wakakaa matanga. Jioni moja mlango ukabishwa: "Wanangu, nifungulieni."

Tukacheka. Mwalimu akakunja uso, nami nikamweleza kwamba kwetu Ugogo mwenye nyumba huzikwa zizini, ng'ombe wakalala juu yake, na pombe ikiiva yeye humwagiwa kwanza. Mzee wako akibisha, si umfungulie tu?

"Huyo wako kafia kwake, Sila," Mwalimu akasema, sauti ameishusha. "Aliyefia njiani si yule tena. Huja na sauti ya baba, lakini ndani hamna baba. Atakayemfungulia haoni asubuhi."

Kicheko kikatukauka, maana Gideoni alikuwa pale mbele. Baba yake alichukuliwa upagazi kabla ya mavuno. Mwenzake mmoja alirudi akasema walimwacha chini ya mgunga, homa imemla, hasemi. Nyumba nzima ikanyoa nywele, na kwa kukosa maiti wakazika fimbo yake zizini. Mwalimu alikuwapo msibani, ugali wa msiba aliula. Lakini alipoona Gideoni anatetemeka, alifurahi kama mtu aliyepata mwanafunzi wake hatimaye.

Akafunga kitabu. "Mengine kesho. Hadithi nzuri huachwa pale msikilizaji anapoitamani zaidi."

Yaliyofuata alitusimulia mama yake Gideoni, siku tuliyokwenda kuwapa pole. Jioni ile ile ya hadithi, jua lilikuwa linazama, ng'ombe wameingia, na Gideoni ameshakomea mlango. Nje ikasikika sauti, nyembamba, imekauka.

"Mbukwenyi, wa humu ndani. Mama Gideoni, nifungulieni."

Mama akainuka. Gideoni akasimama mbele ya komeo.

"Mama, usifungue. Huyo si baba."

"Maiti gani anayesalimia watu? Na kama ni maiti, ni wetu. Toka mlangoni!"

"Hujui wewe, mama. Tumefundishwa."

Alimsukuma, akamng'ata mkono, lakini mwanawe alikuwa mwanamume mzima. Alilikumbatia komeo huku analia, akamwambia anamwokoa. Nje sauti iliita jina la mama, kisha jina lake yeye Gideoni, kisha ikawa kukohoa tu. Baadaye hata kukohoa kukakoma.

Asubuhi walimkuta amekaa, mgongo umeegemea ukuta wa tembe, miguu imevimba na kupasuka kwa mwendo. Alikuwa amekufa. Mama alimtia mkono kwapani, akakuta joto bado lipo. Yowe alilopiga tulilisikia sisi ng'ambo ya korongo.

Wakaifukua fimbo, wakamlaza yeye mahali pake. Mwalimu alifika tukiwa tunarudishia udongo, kofia mkononi, akasimama nje ya zizi kama mgeni. Nilitamani kumfukuza. Gideoni akaacha kufukia, akamwendea.

"Mwalimu, hadithi uliikata."

"Tuiache, mwanangu."

"Yule bwana aliyebisha mlango. Mwisho wake ulikuwaje?"

Mwalimu akatazama udongo. Nilidhani atadanganya, na siku ile ningemsamehe.

"Mdogo wake alisema uongo," akasema taratibu. "Alimtupa njiani. Yule bwana alikuwa hai."

Gideoni akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo darasani akielewa somo. Kisha akarudi kaburini, akachukua jembe lake, akaendelea kufukia.